Malalamiko Kuhusu Fomu Mpya Inayomsumbua Baba

Ndugu Mwenyekiti wa Bodi,

Kwanza nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mto wangu wa kulalia: zile barua tatu za bei ya glavu za tanuri, mlizopokea kutoka kwa makampuni matatu yanayoshindana, niliziandika zote mimi, mezani kwetu, Baba akinitajia bei, nikiwa katikati ya kazi ya hisabati. Moja kwa Kiswahili, mbili kwa Kiingereza. Darasani naogopa hata kunyoosha mkono, lakini kwenye karatasi nimekuwa wakurugenzi watatu.

Baba ni meneja wenu wa ununuzi. Nimesikitika kusikia mnataka ajaze fomu ya kutaja biashara zake. Naomba muifute, kwa sababu hizi:

1. Itawapotezea muda. Sasa hivi muuzaji na mnunuzi hukutana kwenye kochi moja, ndani ya fulana moja. Hawajawahi kugombana.

2. Kampuni inayoshinda zabuni yenu kila mara, nusu yake ni ya Baba, ila imeandikwa jina la Bibi. Bibi anaamini alisaini fomu ya miwani. Mkimweleza ukweli, ataidai miwani yake.

3. Mnalalamika kwamba glavu ni nyepesi. "Glavu ni glavu, mwanangu," husema Baba, na kwa bahati nzuri yeye ndiye anayethibitisha ubora.

4. Mjomba anafanya kazi kwenye tanuri lenu. Wiki iliyopita glavu ilimyeyukia mkononi. Kiungwana kabisa, Baba alimpelekea matunda na jozi mpya. Zilezile. Mjomba akacheka: "Shemeji, hizi nizivae au nizimenye?" Jumatatu anarudi kazini nazo.

Kwa hiyo msiguse chochote. Familia yetu inaelewana mno.

Wasalimie wajumbe wote, dada wa mapokezi, na kila aliyebaki na mikono miwili mizima.

Wako mtiifu,
Mkurugenzi wa makampuni matatu, kidato cha tatu

N.B. Yote niliyoomba hapo juu, tafadhali fanyeni kinyume chake, kabla ya Jumatatu. Zipangeni zile barua tatu pamoja: zote zina mstari mweusi pembeni, maana printa yetu ni mbovu. Nimeambatanisha karatasi tupu iliyopita humo, mlinganishe.

Nasikia ndala za Baba kwenye korido. Siku zote akipita, mimi huifunika barua hii kwa daftari la hisabati. Leo daftari nimelitia kwenye begi. Akiuliza ni nini, nitamsomea kwa lugha atakayochagua.