Picha ya Mzee Shija Iliyokwama Kwenye Kamera

Jumatatu, 6 Julai 2009

Kamera imekwama. Nilikuwa kituo cha kununulia pamba hapa Bariadi, nawapiga picha wakulima wameketi juu ya lundo. Upepo mwingi, vumbi jingi. Lenzi ikatoka nusu, ikalia kama mtu anayetafuna mchanga, ikabaki hapo hapo. Kioo cha nyuma kikaandika maneno ya Kiingereza, halafu giza. Nikawaambia wakulima wametoka vizuri sana.

Za wakulima si neno. Shida ni picha ya Pasaka. Tulikwenda Kimali kwa wazazi wa mke wangu Mektilda, nikampiga baba mkwe, Mzee Shija, amesimama na mama mkwe mlangoni kwao. Kadi ya kamera ilikuwa imejaa arusi, kwa hiyo picha ikaingia kwenye kumbukumbu ya kamera yenyewe. Imelala humo hadi leo. Mzee aliniulizia picha mara mbili. Mara zote nilimjibu kwamba zinasafishwa. Hakuna kilichokuwa kinasafishwa. Nilikuwa sijapata tu nafasi ya kwenda Mwanza kuichapisha.

Mwezi wa tano mzee akafariki. Hakuwahi kupigwa picha nyingine maishani.

Mayala asijue. Mayala ni mpiga picha mwenzangu, studio yake inatazamana na banda langu, na bado anatumia kamera ya mkanda. Miaka minne nawaambia wateja kwamba mkanda umepitwa na wakati.

Jumanne, 7 Julai

Sikukuu. Nimeifukia kamera kwenye ndoo ya mchele. Nimesikia mchele unavuta unyevu. Kamera yangu haina unyevu, lakini sijasikia dawa nyingine.

Mektilda akaenda kuchota mchele wa mchana, akaichota na kamera. Nikamwambia naificha wezi wasiione. Akaikung'uta mchele, akairudisha ndooni. Kisha akasema mama yake anakuja Jumapili, na amesema hataki zawadi, anataka kumwona mzee. Nikasema picha ipo tayari. Sijui kwa nini huwa nasema hivyo.

Jumatano, 8 Julai

Nimekwenda Maswa kwa Athanasi, fundi redio. Nilimwambia kamera ni ya shemeji yangu, mtu mzembe sana. Athanasi akaifungua kifuniko, akachungulia, akarudi nyuma kama amekuta nyoka. Akasema redio anaijua hata usingizini, lakini hiki ni kitu kingine. Akasema tangu biashara ilipofunguliwa kila kitu kinaingia nchini, ila hakuna anayeleta mtu wa kukitengeneza. Kikiharibika unatupa, unanunua kingine.

Alifungua skrubu nne, akarudisha tatu. Ya nne tuliitafuta sakafuni kwa magoti, wote wawili. Hatukuiona. Akasema nimpe pole shemeji.

Alhamisi, 9 Julai

Nimepata wazo, na ni zuri.

Mzee Marcelo, anayeuza kamba sokoni, anafanana na marehemu kuanzia puani kwenda juu. Mama mkwe macho yake yamefifia. Nitamvalisha Marcelo koti la kahawia na kofia kama za mzee, asimame kivulini, uso upande. Mektilda nitamwambia picha imeharibika kidogo upande wa chini, na upande wa mama wote. Marcelo amekubali, mradi koti abaki nalo. Ni koti langu la arusi.

Tatizo ni moja: sina kamera. Itabidi Mayala apige. Nitamwambia Marcelo ni mjomba wangu anayetaka kumbukumbu.

Usiku nilishindwa kula. Mektilda akagusa paji la uso wangu kuona kama nina homa.

Ijumaa, 10 Julai

Nimempeleka Marcelo studio. Mayala akamketisha, akasogeza taa, akachungulia kwenye kamera yake. Halafu akainua kichwa. Akauliza kwa nini mjomba wangu amevaa kama Mzee Shija wa Kimali. Nilikuwa nimesahau kwamba mkewe anatoka huko huko.

Nikaanza maelezo. Yalikuwa marefu. Marcelo ndiye aliyeyakatisha, akasema yeye kaambiwa awe marehemu, na hajaona ubaya kwa kuwa koti ni zuri.

Mayala hakucheka. Afadhali angecheka.

"Machibya," akasema, "yule mama amelala na mumewe miaka hamsini. Hata akiwa kipofu atajua huyu siye. Atanyamaza tu, asikuaibishe wewe mkwewe."

 Nikamwambia kila kitu, mpaka ile habari ya kusafisha. Nilipofika mahali ambapo mzee aliuliza mara ya pili, nikaanza kufunga vifungo vya koti la Marcelo. Mayala akajifanya anatafuta kitu mezani.

Kisha akasema, "Ilete."

Kumbe ametengeneza kamera miaka ishirini. Alijifunza Shinyanga kwa Mhindi mmoja, kabla hata sijajua kamera ina mlango wapi. Nimezunguka hadi Maswa, na fundi yuko hatua thelathini kutoka bandani kwangu. Aliifungua juu ya kitambaa cheupe, kila skrubu akaipanga kwa mpangilio wake. Akaingiza kibano chembamba kando ya lenzi, akavuta. Ukatoka uzi wa pamba, umeshikana na chembe za mchanga. Ulikuwa mfupi kuliko ukucha.

Lenzi ikarudi ndani. Kamera ikawaka.

Nikamshukuru. Akasema hataki asante, anataka niache kuwaambia watu mkanda umekufa. Nimeahidi.

Marcelo amekataa kurudisha koti.

Jumapili, 12 Julai

Mama mkwe wangu, Mama Nyanjige, amefika baada ya ibada. Nilimwamkia kutoka mbali, mwangaluka mama, naye akaitika huku ametazama ukuta, kama ilivyo adabu ya kwetu kati ya mama mkwe na mkwilima, mume wa bintiye. Sikuweza kumpa kamera mkononi. Niliiweka kwenye kigoda, nikarudi nyuma, Mektilda akaichukua, akampelekea.

Mama akaisogeza karibu sana na jicho moja. Mimi nilikuwa sijaitazama vizuri ile picha tangu Pasaka. Nilidhani ni watu wawili wamesimama tu.

"Ameshika nini?" mama akauliza.

Mektilda akainama, akaikuza. Mzee amenyooka kama askari, uso kwa kamera. Lakini mkono wake wa kushoto, nyuma kidogo, umeshika ncha ya khanga ya mama. Siku ile kulikuwa na upepo.

"Anazuia khanga yako isipeperuke, mama."

 Mama akasema katika miaka yote ile mzee hakuwahi kumshika mbele ya watu, hata siku ya ndoa. Akasema, taratibu, kama anajiambia mwenyewe, "Sikujua kama ameishika."

Hakulia. Alifunika kamera kwa kiganja, kama mtu anayemfunika kifaranga, akakaa nayo mpaka chai ikapoa. Mektilda alitoka nje. Nikamfuata. Nikamwambia picha ilikuwa imekwama, na kwamba mzee aliiulizia mara mbili.

Akasema anajua. Baba yake alimwambia, na alimwambia pia asinisumbue, kwa sababu mkwe wake ni mtu mwenye shughuli nyingi.



Ijumaa, 17 Julai

Mayala ameihamishia picha kwenye kadi, akaipeleka Mwanza yeye mwenyewe. Picha imerudi kubwa, ina fremu, na mama ameondoka nayo Kimali ameipakata.

Mimi nimetafakari sana wiki hii. Nimeona kwamba Bariadi nzima haina fundi wa kamera za dijitali anayejitangaza. Kazi yenyewe nimeiona kwa macho yangu, haichukui hata saa. Nimeandika kibao kwa rangi nyekundu: MACHIBYA, FUNDI BINGWA WA KAMERA ZA KISASA. MIKANDA HATUPOKEI.

Mayala amekisoma akiwa mlangoni kwake. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Mteja wa kwanza amekuja leo leo, mwalimu Joyness, kamera yake inatoa picha zenye ukungu. Nimeifungua. Kuna springi imeruka, sijui imetokea wapi wala imeelekea wapi. Mwalimu atakuja kuichukua kesho saa tatu.

Nimemwambia Mektilda kwamba kesho nitaamka naumwa.