Plastiki Ni Yangu, Hoagland Ajue

Akron, Jumatatu, 3 Machi 1958
Hoagland! Yule yule aliyekuwa akinakili majibu yangu chuoni, leo anadai eti plastiki yangu kaivumbua yeye. Kiwanda chao kimeomba hataza, ile hati ya kumiliki uvumbuzi, nasi tumeomba. Hataza ni moja, na atapewa aliyeitengeneza plastiki kwanza. Wakili wetu, Tuttle, kasema kila upande uandike tarehe yake ya uvumbuzi, uifunge kwenye bahasha, na hakuna kuchungulia ya mwenzake. Yangu ni 2 Desemba 1953. Imo kwenye daftari la maabara, na Orville wa meza ya pili alitia saini kushuhudia. Jina langu likikaa kwenye hataza hiyo, hata nikifa sitasahaulika. Sina kingine cha kuiachia dunia.

Jumanne, 4 Machi
Sijapata usingizi. Je, Hoagland akiandika Novemba? Ana roho mbaya yule, huenda alivumbua mapema ili kunikomoa tu. Sasa, kwenye ukurasa wangu wa daftari, juu ya 2 Desemba, kuna nafasi tupu. Nimeijaza: 26 Novemba, unga mweupe, hauyeyuki hata kwenye maji moto, plastiki mpya kabisa! Nimempelekea Orville akiwa katikati ya mkate wake. Kauliza ni nini tena hiki. Nikamwambia ni saini aliyoisahau, asinichoshe. Katia, na haradali juu. Tarehe hiyo ndiyo iliyoingia kwenye bahasha. Mimi ni kichwa!

Alhamisi, 13 Machi
Nimekwisha. Orville kaapishwa kwenye kesi ya hataza, na wakili wa Hoagland kamuuliza kwa upole kabisa tarehe 26 Novemba mwaka ule alikuwa wapi. Orville, uso umemng'aa, kasema alikuwa Toledo kwa mama mkwe, maana ilikuwa Sikukuu ya Shukrani, na anaikumbuka vizuri kwa kuwa mfupa wa bata mzinga ulimkwama kooni. Kisha kanigeukia mbele ya watu wote: "Vern, kaka, si kiwanda kilifungwa siku ile? Uliingilia dirishani?" Walicheka hadi mpiga taipu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ijumaa, 14 Machi
Tuttle kaniita. Daftari lote limekufa, kasema. Ukurasa mmoja ukiwa wa uongo, nani ataamini zilizobaki? Bahasha ya Hoagland nayo imefunguliwa. 9 Desemba. Desemba! Ukweli wangu mtupu ungemshinda kwa wiki nzima. Nimelia chooni, nimelia tena ndani ya gari. Tuttle kasema imebaki rufaa moja tu, na kanisihi kama mzazi: nisiguse karatasi yoyote.

Jumapili, 16 Machi
Chakula hakipiti. Ila nimetafakari sana, na kosa langu nimeliona: niliandika bila kalenda. Ya 1953 nimeipata kwenye sanduku la marehemu mama. Tarehe 24 Novemba ilikuwa Jumanne. Siku ya kazi! Kiwanda wazi, bata mzinga hakuna. Kesho namuwahi Orville kabla hajamaliza mkate wake.