Ombi la Kufuta Maana ya Pili

Mheshimiwa Mhariri wa Kamusi,

Salamu kwako na kwa wenzako wote mnaoumiza macho kwa ajili yetu. Mimi ni mtunza funguo wa jengo la ofisi. Nalalamika rasmi kuhusu neno la Kiingereza "consequential" lililomo katika kamusi yenu. Limenivunjia heshima kazini na nyumbani, nami sikulikosea chochote.

Ilianza siku mkurugenzi wetu alipojifungia kwa bahati mbaya ndani ya chumba cha majalada. Nilipomfungulia alitoka akivuja jasho, akanishika bega: "Mzee, wewe ni mtu 'consequential' kweli." Nikakimbilia kamusi yenu iliyopo mapokezi. Maana ya kwanza: -enye matokeo makubwa, -a maana. Nikaifunga hapo hapo. Aliyepakuliwa nyama hachungulii sufuria.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Hamkuonya popote kwamba msomaji aendelee kusoma. Nilimpelekea fundi cherehani sare yangu, akanidarizia neno hilo kifuani kwa uzi wa dhahabu. Ni refu mno. Lilivuka mfuko likaishia kwapani, ikawa lazima niinue mkono ndipo lisomeke lote. Nilisalimia watu wengi sana wiki ile.

2. Mtu wa maana hakimbii. Waliotaka kufunguliwa milango walisubiri nimalize chai. Kwenye kikao cha ukoo kuhusu harusi ya mpwa wangu nilidai nizungumze kwanza, nikazungumza mpaka wakwe watarajiwa wakaaga. Shemeji hanisemeshi hadi leo.

3. Siku ya mkutano mkubwa, wageni walijaa nje ya ukumbi. Nikasema sifungui mpaka mkurugenzi aje mwenyewe aniombe. Akaja. Akanitazama kifuani, akasema polepole, "Naona sasa umekuwa 'consequential' kabisa." Mhariri, nilimshukuru! Niliinama mbele za watu. Wakacheka, nami nikawapungia.

4. Jioni ile binti yangu, mwalimu wa Kiingereza, alinifunulia nakala yake ya kamusi hiyo hiyo. "Baba, mbona hukushuka mstari wa pili?" Nikashuka. -enye kujiona, -enye kujikweza. Nilitafuta kiti. Kesho yake nilikuta funguo zote zimetundikwa mapokezi, kila mtu anajichukulia, nami nimekabidhiwa ufagio. Kinachoniuma si ufagio. Ni kwamba milango inafunguka vizuri tu bila mimi.

Kwa hiyo naomba mfute maana ya pili. Ikishindikana, ihamisheni ukurasa mwingine, isionane na ya kwanza. Hilo nalo likishindikana, futeni herufi C yote. Katika Kiswahili chetu haisimami bila kuegemea H, na tunaelewana.

Nisalimieni wachapaji, wasahihishaji, na hasa huyo aliyepewa kazi ya herufi C. Mwambieni sina kinyongo naye, ila ajirekebishe.

Wako mwenye jeraha la neno,
Mtunza Funguo (kwa sasa Mshika Ufagio)

N.B. Mke wangu ameisoma barua hii akiwa amesimama, kisha akalazimika kuketi kwa kucheka. Anasema maana ya pili ibaki, ila mfano wa sentensi mliouweka hautoshi. Mchape barua yote. Nimeisoma upya, na sina la kumpinga. Kama mtaweka na picha, ninayo moja nimevaa suti.