Mashine Yenu Imemsifu Mume wa Mtu

Swaumu Idrisa,
Gongoni, Tabora.

Ndugu Msimamizi,
Soko la Mtandaoni la Kapu Letu.

Sisi huku ni wazima, isipokuwa jina langu, ambalo haliko vizuri.

Mimi ni mjane, nauza asali. Mwezi uliopita nilipiga picha ya ndoo zangu, mkaniambia nisihangaike na maelezo, mashine yenu ya akili mnemba itaniandikia. Nikashukuru. Sasa nalalamika hivi:

1. Mashine imeandika kwamba asali yangu inatokana na "maua yanayopepewa na bahari". Asali hii inatoka msitu wa Usinge. Babu zetu walitoka huku na mizigo kichwani, wakatembea miezi kuifuata hiyo bahari, na hakuna aliyepepewa njiani. Nikaendelea kuuza.

2. Imesema "haina hata chembe ya harufu ya moshi". Wateja wangu wa siku zote, ambao huijua asali ya msituni kwa moshi wa kurinia, wameniuliza kama siku hizi nachemsha sukari. Nikajiambia subira yavuta heri. Haikuvuta.

3. Mliuliza nani anairina asali, nikajaza: Ambrosi, wa Usinge. Mashine ikaandika: "Kila tone limepita katika mikono ya Ambrosi, yenye nguvu na upendo, mikono ambayo ukishaijua hutatamani mingine." Juu ya maneno hayo kuna jina langu, na picha yangu nikitabasamu.

4. Ambrosi ana mke, Pelagia. Maelezo hayo yamesomwa katika kundi la WhatsApp la warina asali, na wasiojua kusoma wamesomewa. Pelagia akaniuliza mikono hiyo nimeijulia wapi. Nikamwambia ni mashine. Akajibu kwamba mashine haioni haya kwa sababu haina mume wa kumwogopa, na mimi pia sina. Neno hilo liliniuma sana, kwa kuwa Pelagia ndiye aliyenipikia wakati wa eda, nilipokuwa siwezi hata kuwasha moto. Tangu hapo Ambrosi haleti asali. Asali naweza kupata kwingine. Pelagia mwingine sina.

Kwa hiyo nadai mashine ije yenyewe Usinge kuomba radhi kama adabu inavyotaka. Ije na wazee wawili na mbuzi, ikae kwenye mkeka, isiseme mpaka iulizwe. Kama haina wazee, mtasimama nyinyi mlioizaa. Kama haina makalio ya kukalia mkeka, jambo hilo lielezwe mbele ya Pelagia, apate kuamini kuwa si mimi.

Wasalimieni wafanyakazi wenzenu, na mama zenu wapeni shikamoo. Mashine sijaisalimia, na sababu inaijua.

Ni mimi niliyechafuliwa,
Swaumu Idrisa

N.B. Kabla sijaituma barua hii, Pelagia amefika na gunia la matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa. Nilidhani amekuja kunipiga. Kumbe tangu waoane Ambrosi hajawahi kusifu chochote alichopika, na sasa anataka mashine iyasifu matobolwa yake, maelezo yasomwe katika kundi lile lile, mumewe akisikia. Tumecheka mpaka mbavu zikauma, na leo analala kwangu. Basi mbuzi asije. Mashine msiiguse hata kidogo, na ikifika kwa Pelagia iacheni idanganye itakavyo.