Nilivyouteka Ubao wa Binamu Shamsia

Jumatatu, 16 Juni. Ikwiriri.

Habari kubwa! Akina mama wapanda mikoko wa kule delta wanatafuta mwalimu wa Kiingereza. Wageni huwatembelea, husimama kwenye tope, hutabasamu, basi. Mwenyekiti wao, Bi Safina, amechoka kusubiri mkalimani kutoka mjini. Anataka wanawake wake waongee wenyewe. Jumapili waombaji wafike kisiwani kwao, kila mmoja afundishe kidogo, wao wachague.

Kazi hii ni yangu. Nani mwingine Ikwiriri ana Kiingereza cha kuongea na wazungu pale stendi? Ni mimi, Hemedy, niliyemwelekeza Mjerumani gesti mwaka juzi. Akafika! Nimempigia mama huko Umwe, nimemwambia kazi nimeshapata. Nimetangulia kidogo tu. Mpaka alasiri Umwe nzima ilikuwa inajua na imamu ameshaniombea dua. Sasa nikiikosa nitauweka wapi uso wangu?

Jioni nimesikia kuna mwombaji mwingine. Shamsia! Binti wa mjomba wangu, anayewafundisha Kiingereza wauza ufuta katika chumba cha madrasa kule Mbwara. Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka.

Jumanne, 17 Juni. Mbwara.

Nimekwenda kupeleleza. Nimeipindua baiskeli chini ya dirisha la darasa, najifanya natengeneza mnyororo. Mnyororo mzima kabisa. Ikabidi niutoe ili nipate cha kutengeneza.

Somo la leo ni vile vijineno vya Kiingereza vinavyotangulia kitenzi. Can, may, must, should na ndugu zao. Vilinitesa shuleni! Mwalimu wetu alivipanga ubaoni, tukaviimba mpaka kengele, tukatoka kama tulivyoingia. Nikajua wanafunzi wa Shamsia watasinzia. Wapi!

Amemtoa mama mmoja nje, akamwambia arudi. Yule mama akapiga hodi. Shamsia akamuuliza kwa nini hakuingia tu, si mlango uko wazi? Mama akajibu kwamba hiyo si adabu, mpaka wenyewe wamkaribishe. Basi, akasema Shamsia, hodi yako ndiyo may. May I come in? Darasa zima likatoka nje, likarudi likipiga hodi kwa Kiingereza. Bibi mmoja alitoka na kurudi tena na tena, kwa raha zake.

Can akaipeleka mikononi. Kila mtu aseme mikono yake inaweza nini. Must akaitafuta baharini: maji yakipwa, boti ikakaa kwenye tope, mnafanyaje? Wakasema mnangoja, hakuna namna. We must wait. Should akamwachia somo, yule mama anayemfunda mwari: anakushauri, hakushiki mkono. Ilipofika zamu ya might, akaonyesha wingu upande wa mto. Huenda mvua ikanyesha, huenda isinyeshe. It might rain. Wote wakaitikia, na mimi huku nje nikaitikia!

Haki ya Mungu, sijaona ufundishaji kama ule. Kumbe vijineno vyenyewe ni moyo wa msemaji: anaomba, anaamuru, anashauri, anasita. Nimesahau kabisa kwamba nimekuja kama adui. Mkono umeinuka wenyewe dirishani kujibu swali, umejaa grisi. Shamsia akaniona. Akawaambia wanafunzi wamsalimie mume wake. Wakanisalimia kwa vifijo. Ndivyo tulivyo sisi binamu, mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba. Ni watani. Tunaitana mke na mume, tunanyang'anyana vitu, na kununa ni mwiko.

Nimerudi nikikokota baiskeli. Mnyororo umekataa kurudi mahali pake.

Alhamisi, 19 Juni. Ikwiriri.

Wazo limekuja nikipiga mswaki. Utani! Mtani akiteka kitu cha mtani mwenzake mbele za watu, mwenyewe hucheka tu. Akikasirika, aibu ni yake. Sasa somo la Shamsia lote liko kwenye ubao wake.

Nimepanda bodaboda hadi Mbwara, nimeingia darasani bila hodi, nimeubeba ubao. Nikapaza sauti kwamba mtani nimeteka! Darasa likaangua kicheko. Shamsia naye akacheka, akaniuliza kama na chaki nazitaka. Akatafuta kamba, akanifungia ubao vizuri nyuma ya bodaboda. Akaniambia mimi, mume wake, tusikimbize pikipiki, maandishi yatafutika.

Mtu aliyetekwa hacheki vizuri namna ile. Nimeliwaza hilo njia nzima.

Lakini ubao ni hazina! Kila mwanafunzi ameandika sentensi yake kutoka kwenye maisha yake mwenyewe, na Shamsia kamsahihishia kwa mwandiko mzuri. Nimeanza kukariri. Sitabadilisha hata nukta. Kitu kizuri hivi unakibadilisha ili iweje?

Ijumaa, 20 Juni. Ikwiriri.

Baada ya swala nimefanya majaribio kwa Abbasi, mlinzi wa gesti, anayejua Kiingereza kidogo cha wageni. Nimeanza na must, nikamwambia kwamba lazima aniletee chai. Akanitazama, akaendelea kuchambua mchele. Nikajaribu could, ambayo Shamsia aliwaeleza wanafunzi kuwa ni kuinamisha kichwa kidogo. Could you bring me some tea? Abbasi akanyanyuka. Chai ikaja, na andazi juu yake!

Nimekaa nikilitazama lile andazi. Kijineno kimoja tu! Laiti ningefundishwa na Shamsia tangu utoto, saa hizi ningekuwa balozi.

Jumapili, 22 Juni. Kisiwani.

Siku ndefu. Nimefika bandarini Nyamisati asubuhi na mapema ili nimtangulie Shamsia. Nahodha Bwanaheri akasema maji yanakupwa, afadhali tungoje. Nikamwambia twende, kazi ni ya anayewahi. Tukaenda. Mbele kidogo tu boti ikakaa kwenye tope, katikati ya mikoko, mbu wakatukaribisha. Bwanaheri alijifunika kanga ya mkewe usoni, akalala.

Maji yalipojaa, boti ya Shamsia ikaja taratibu. Alikuwa amengojea pwani akila vitumbua. Akatuvuta kwa kamba, akanigawia kitumbua kilichobaki. Tukafika pamoja.

Nikaomba kuanza mimi. Akina mama wamekaa kwenye mikeka, kimya, wananisikiliza. Nikasimamisha ubao, nikatoa sauti ya mwalimu, nasoma Kiingereza na kutafsiri. I can weave a mat. Naweza kusuka mkeka. Wakatazamana. I can plait my sister's hair. Naweza kumsuka dada yangu nywele. Mmoja akajiziba mdomo kwa mtandio. Nikaona somo linawaingia, nikaongeza sauti. When I was pregnant I could not climb to our hut in the rice field. Nilipokuwa mjamzito sikuweza kupanda kwenye dungu letu, kibanda cha juu shambani.

Walianguka! Mwingine alitambaa mpaka nje. Bi Safina peke yake hakucheka. Akaniuliza, kwa heshima zote, kama nilijifungua salama.

Akaja Shamsia. Hakuuomba ubao. Alichukua fimbo, akachora njia mchangani, akamwita Bi Mwanahalima, mpanda mikoko ambaye hajawahi kutamka neno la Kiingereza. Akamuuliza mgeni akifika kwenye tope angemwambia nini. Wakatafuta pamoja, polepole, wengine wakisaidia. Mwisho Bi Mwanahalima alishika kiuno, akamtazama mgeni asiyekuwepo, akasema: You may come. You should walk here. You might fall. Halafu akaongeza la kwake, bila kufundishwa na mtu: But I can hold you.

Vigelegele! Nilipiga makofi kuliko wote, na machozi yalinitoka, sitaki kuficha. Yule mama alikuwa amesimama vile vile, anajicheka mwenyewe, hataki kukaa.

Wakamchagua Shamsia, wote kwa pamoja. Nikafungua mdomo nilete hoja. Shamsia akawahi. Akabeba ubao wake, akanivua na kofia, akasema mtani, nimeteka, na kazi pia nimeteka! Kisiwa kizima kikapiga makofi. Nifanyeje? Wa kwanza kuteka nilikuwa mimi. Nilicheka huku ndani naungua. Lakini wivu wenyewe haukukaa. Mtu anayeweza kumtoa Bi Mwanahalima maneno yale, kazi ni yake.

Wakati wa kurudi, kabla sijafika Nyamisati, mama amepiga simu. Umwe wamesikia kwamba nimejifungua. Anauliza mtoto gani.

Jumatatu, 23 Juni. Ikwiriri.

Nimeamka mtu mpya. Nimetafakari kosa langu kwa kina, nikaligundua: nilichagua lugha yenye watu wengi. Kiingereza kina Shamsia. Stendi wanasema wageni wajao ni Wafaransa. Na Kifaransa Ikwiriri kina nani? Hakina mtu!

Tangazo nimeshabandika ukutani kwa gesti: Kifaransa cha Kila Siku, Mwalimu Hemedy. Kitabu sina, ila dukani nimepata kopo la maziwa lenye maandishi ya Kifaransa pembeni. Mpaka mchana nilikuwa na mwanafunzi mmoja. Shamsia. Kaja mwenyewe, kapiga hodi, kasema anakipenda Kifaransa tangu zamani ila amekosa mwalimu.

Nimemwandikisha kwa mikono miwili. Nimempangia kiti cha nyuma kabisa, asije akaniona nikisoma kopo.