Siku Sita za Kumshinda Fundi Saa

Jumapili, tarehe 3 Agosti

Tumefika. Nyumba ya kupanga, shambani kabisa, siku sita. Vyumba viwili, bomba nje, baraza yenye viti viwili. Kimoja kina mguu mfupi. Nimekalia hichohicho. Ndiyo bahati yangu.

Mke wangu ni muuguzi. Amepewa barua ya uhamisho, hospitali ya mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi. Akitaka atakwenda, asipotaka atabaki, ila Ijumaa lazima awe amejibu. Njiani kaniambia hakuja huku kutembezwa. Anataka siku moja tu tukae barazani, tuzungumze, ajue kama bado ni mume na mke au ni wapangaji wawili. Miaka thelathini na moja ya ndoa! Watoto wote wameshatoka nyumbani, nani atanitafutia miwani yangu? Sitaki aende.

Nimemwambia asijali, tutazungumza. Moyoni nina mpango bora zaidi. Nitamtembeza mpaka asahau kuna barua. Mwanamke aliyefurahi hahami.

Na silaha nimeipata! Jikoni, kwenye msumari, kinaning'inia kitabu cha wageni. Wengi wameandika upuuzi tu: asanteni, nyumba safi, jogoo ana kelele. Lakini kuna mmoja amejaza kurasa kumi na nne kwa mwandiko wa cheti. Anajiita Fundi Saa. Leo mimi na mke wangu tumekwenda kule, leo mimi na mke wangu tumeona hiki. Maporomoko: dakika arobaini. Kila safari na dakika zake. Mke wangu kasoma kurasa mbili, kavua miwani, akasema huyu bwana alimpenda mkewe. Kisha akanitazama.

Sikulala vizuri mchana. Nitampiku. Kila alikofika nitafika, tena upesi kuliko yeye. Mimi ni mtunza stoo wa shule, vipimo ndiyo kazi yangu.

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Maporomoko. Kitabu kinasema: pita nyuma ya zizi, fuata njia ya kushoto, dakika arobaini, utasikia ngurumo kabla hujaona maji.

Tumetembea saa tatu. Kushoto, kushoto, kushoto, mpaka tukarudi nyuma ya zizi lilelile. Ng'ombe wakatutazama kwa huruma. Mke wangu akashauri tumwulize mtu. Nikakataa. Fundi Saa hakuuliza mtu! Tukaanza upya. Mwishowe nikasikia ngurumo, nikamshika mkono mke wangu, nikakimbia naye.

Pampu. Pampu ya maji na bomba lililopasuka. Nilisimama mbele yake nikiwa nimeshika kiuno, natafuta la kusema. Mzee mmoja mwenye madumu akaniuliza kama na mimi niko kwenye foleni.

Mke wangu alikaa kwenye jiwe, akavua kiatu, akaanza kusema kwamba ile barua imemfanya afikirie mambo mengi. Nikamwomba anyamaze kidogo, nilikuwa nahesabu dakika za kurudi. Akavaa kiatu. Vidole vyangu vimetoka malengelenge.

Fundi Saa 1, mimi 0.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Pango. Fundi Saa ameandika kwamba alisimama mlangoni akamwita mkewe kwa jina, na pango likamwitikia jina hilo mara saba, kila mara kwa upole zaidi. Nusu saa kwa miguu.

Mke wangu hakutaka kuja. Nikamwambia huko pangoni ndiko tutakakozungumza, kuna utulivu. Akavaa kanga yake, akaja. Jamani, alikuja na themosi ya chai! Alikuwa na matumaini, naandika ukweli kwa sababu hili ni daftari langu mwenyewe.

Baada ya saa mbili nikaona shimo kubwa ubavuni mwa kilima. Nikapanga miguu, nikajaza kifua, nikaita jina la mke wangu kwa sauti yote. Nikajibiwa mara moja tu. Sauti nene kutoka chini ikauliza ni nani huyo anayepiga kelele watu wako kazini. Shimo la kokoto! Wakatoka wachimbaji watatu, wameshika sururu, wamepauka vumbi. Nikasema samahani, nilikuwa namwita mke wangu. Mmoja akasema mkeo si huyo hapo nyuma yako?

Wamecheka sana. Wamekunywa na chai yetu.

Njiani mke wangu kasema kitu kimoja tu, kwamba ni miaka sijamwita kwa jina lake, na leo nimelipigia ukelele shimo. Nikamwuliza ameliona lilivyo na mwangwi hafifu.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Mvua! Tangu asubuhi. Mimi nimenuna, mke wangu amechangamka kama aliyeletewa mgeni. Kavuta viti viwili karibu karibu barazani. Kaweka kijiwe chini ya ule mguu mfupi. Kachemsha chai, kamimina vikombe viwili. Akaniita. Leo huendi popote, Mzee, alisema, Mungu mwenyewe kanisaidia.

Nikaona kweli siku imefika. Nikakaa. Akaanza kusema usiku wa zamu ulivyo mrefu, na akirudi asubuhi anavyonikuta nimeshatoka, na nyumba ilivyo kimya. Nilisikiliza. Nilisikiliza karibu dakika sita! Ndipo nikakiona kilima, mawingu yameachana kidogo. Kesho ni zamu ya kilele, na Fundi Saa alikipanda kwa saa moja na robo. Bila kuikagua njia nitaaibika tena.

Nikamwambia nakwenda mara moja kutafuta kiberiti.

Niliazima mabuti ya mvua kwa Mama Mwenye Nyumba. Anakaa nyumba ya jirani, mjane, maneno machache. Aliniuliza nakwenda wapi na mvua hii. Nikajifanya hamnazo. Nimekagua njia yote mpaka nusu ya mlima, na njia ya mkato nimeiona, inakata kwenye malisho. Itaokoa dakika ishirini!

Nimerudi baada ya saa nne. Kiti chake kitupu. Kikombe changu kimefunikwa kisahani, chai baridi, sisimizi wawili wameelea. Yeye yuko chumbani, amenipa mgongo. Kauliza kiberiti kiko wapi.

Nilisahau kiberiti.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikuvunjika. Heri ningevunjika.

Njia ya mkato. Nilitangulia, saa mkononi, mke wangu nyuma. Dakika ya kumi na nane nikaruka uzio. Nikaona mfereji wa saruji, mwembamba, umejaa maji ya rangi ya maziwa yaliyoharibika. Nikasema nitauruka. Mke wangu akasema Mzee, usiruke, zunguka. Nikaruka.

Josho! Lile shimo wanalopitishia ng'ombe kuwaua kupe. Nilizama mpaka kofia. Dawa kila tundu. Nilipoibuka, ng'ombe arobaini walikuwa wamepanga foleni nyuma yangu, na mchungaji ananifokea nitoke mbele, namchelewesha.

Mke wangu alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Nikasema afadhali, furaha hiyo! Halafu nikaona si kicheko tena. Alikuwa analia, kwikwi kabisa, kanga mdomoni, na mimi nimesimama nachuruzika dawa ya kupe, sijui nimguse au nisimguse. Sikumgusa. Nilinuka.

Mama Mwenye Nyumba ndiye aliyenimwagia maji ya bomba kwa ndoo, nje, mbele ya kuku. Akauliza tulikuwa tunakwenda wapi. Kwenye kilele chenye benchi, nikasema, kile cha Fundi Saa. Akaweka ndoo chini.

Akasema hakuna benchi. Hakuna maporomoko wala pango. Fundi Saa hakuwahi kupita pale bombani. Mkewe aliletwa mgonjwa, hawezi kusimama, alitaka hewa ya shamba. Kila asubuhi mume alikaa barazani na kitabu kile, anabuni safari, na kila alasiri alimsomea kitandani. Mkewe alikuwa anafumba macho, anauliza: tumechoka? Tumefika? Dakika zile aliziweka kwa sababu mkewe alipenda kumtania kwa saa zake. Wiki ya tatu mama wa watu akafariki, chumba kilekile tunacholala sisi. Siku hiyo hakuandika kitu.

Mke wangu aliingia ndani, akakitoa kitabu kwenye msumari, akakaa nacho kifuani.

Mimi nikapiga kofi. Kumbe! Basi rekodi zote ni batili! Hakufika popote! Tangu Jumatatu mimi ndiye naongoza!

Walionijibu ni kuku tu.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Amejibu barua. Amekubali.

Nilipoamka begi lilikuwa mlangoni, kamba imeshafungwa. Nilimwambia leo tukae barazani, nimekubali, hata kutwa nzima. Akasema hapana, Mzee, Ijumaa ndiyo leo. Hakuwa na hasira. Ningependa awe na hasira. Akasema yule bwana hakutoka barazani hata siku moja na mkewe akaona dunia. Yeye katembezwa siku tatu na hajaonwa.

Nilimbebea begi mpaka njia panda. Basi likaja saa tatu asubuhi. Kaniambia dawa yangu ya presha iko mfuko wa pembeni, nimeze baada ya kula, si kabla. Akapanda. Kanga yake ikabanwa kidogo na mlango, dereva akafungua, akaivuta ndani.

Nilisimama pale mpaka vumbi likatua. Nililia, ndiyo. Mchungaji wa jana alipita, akanisalimia kwa heshima, akaniuliza kama kupe wamekufa.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Nafunga mizigo. Asubuhi nimechemsha chai, nikajikuta nimemimina vikombe viwili. Nimevinywa vyote. Nimekalia kiti chake; kile changu, ule mguu mfupi bado una kijiwe alichoweka.

Nimejaza kitabu cha wageni. Niliona si haki kitabu kibaki na uongo mtupu. Nimeandika: "Ijumaa mimi na mke wangu tulitembea kutoka hapa mpaka njia panda, tukiwa na begi zito, kwa dakika ishirini na mbili." Ni kweli tupu, nilipima. Mama Mwenye Nyumba kasoma, akaenda kulisha kuku.

Na nimepata wazo! Sijakata tamaa hata kidogo. Nimemwuliza huyo mama kama kuna nyumba za kupanga karibu na hospitali aliyohamia mke wangu. Kasema zipo, shemeji yake anayo moja. Desemba nitakwenda nimshtukize, siku saba kamili. Nasikia kule kuna chemchemi ya maji moto, daraja la zamani, miamba, na kilima kikubwa kuliko hiki. Nimeshapanga vyote kwa dakika, asubuhi na alasiri, hakuna nafasi ya kuzembea.

Siku ya saba, jioni, mvua ikinyesha, tutazungumza.