Vita vya Mguu wa Tatu wa Bakuli la Sukari

Nyamazeni, enyi watu wa vilima vya Kampala; zimeni redio, wekeni vikombe chini, na aliyeegemea ukuta aketi wima! Nawe Nidhamu, mlezi wangu wa misheni, unyooshe ulimi wangu, maana nataka kunena habari za Anena, Simba Jike wa penseli, na Ongom, Radi ya Kisenyi.

Palikuwa na bakuli la sukari, la fedha tupu, lililofuliwa mwanzoni mwa karne iliyopita. Chini yake zilipigwa alama mbili, ya mchoraji na ya mfuaji, kwa kuwa wawili hao walilizaa pamoja. Lilikuwa la Mama Helen, mjane wa inspekta wa polisi, nalo lilitikisika tangu aolewe kwa mguu mmoja uliolegea, likitegemezwa kwa karatasi iliyokunjwa. Asubuhi ya Jumapili Anena, mkaza mwanawe, mchoraji wa mapambo kwa kazi yake, alikuwa akilisugua kwa jivu. Mguu huo, mmoja kati ya mitatu, ukakatika, ukatumbukia katika bomba la maji machafu, ukaliendea Ziwa kwa fahari. Na Mama Helen, asiyewahi kusamehe hata kikombe kilichopasuka, angerudi kutoka kanisani saa saba!

Ndipo Anena akazivua hereni zake za fedha kama mfalme avuavyo taji, akalichukua bakuli na karatasi ya mchoro, akapanda bodaboda, akashuka Kisenyi, mtaa wa gereji usiojua Jumapili, alipotawala Ongom, mnyoosha mabati ya magari, ambaye mbele ya nyundo yake hakuna bonde lililosalia bonde.

Ongom akalitazama bakuli, akaguna. "Nyabo, bibie, hili liligongwa na lori gani? Limejaa makovu. Nitalilainisha lote, mpaka uone meno yako ndani yake."

"Koma, ewe Ongom!" akanguruma Anena. "Hayo si makovu, ni nyayo za nyundo. Mfuaji aliziacha makusudi, mkono wa mtu uonekane. Ukizifuta, mama mkwe atajua, nawe umenifuta mimi katika nyumba ile. Fuata mchoro wangu: mguu mwembamba kama kikonyo cha ua."

"Huo ni mguu wa mbu! Ukitia sukari, bakuli litasujudu."

"Nawe umezeeka ukizificha nyayo za nyundo yako! Leo waogopa kuzionyesha?"

Jenereta ya jirani ikakohoa, ikazimika. Maana nani alipata kumwomba Ongom aache alama? Mkono uliozoea kufuta ajali za watu ukauvuta mchoro karibu. Anena naye akashika kifutio, akaunenepesha mguu pale chini. Na Ongom akaziyeyusha hereni, akaufuata mchoro, akafua, akiziacha nyayo zake wazi mbele za Mungu na gereji nzima. Akalehemu. Bakuli likasimama juu ya meza ya chuma.

"Tazameni!" akapaza sauti. "Limekauka kama askari wa gwaride!"

Saa saba Mama Helen akaketi mezani, kofia ya kanisani ingali kichwani. Kwa desturi yake akaichukua karatasi iliyokunjwa, akaisukuma chini ya mguu. Haikuingia. Akalibonyeza bakuli kwa kidole. Halikutikisika. Akamtazama Anena masikioni, palipokuwa patupu.

"Marehemu nilimwambia alitengeneze," akasema. "Akajibu kesho, mpaka tukamzika." Akaitupa karatasi jikoni, motoni. "Lete kikombe chako, mwanangu."

Akamtilia sukari kwa mkono wake mwenyewe, kijiko kikiwa na kilima.

Basi wajukuu na wafundishwe hivi: milki zimeanguka, minara imeinama, lakini bakuli la Mama Helen limesimama kwa miguu yake lenyewe. Na asiyesadiki, aende akalisukume mbele ya mwenyewe.